Money Jungle ya Duke Ellington: kazi ya mabingwa watatu, au ugomvi uliorekodiwa?

#1 Kinanda Kibovu
Wakuu, salama.

Wiki ya tatu sasa, nikienda kazini na nikirudi, nasikiliza kitu kimoja tu: Money Jungle. Duke Ellington kwenye piano, Charles Mingus kwenye besi, Max Roach kwenye dramu. Walirekodi New York tarehe 17 Septemba 1962, kazi ya siku moja, ikatolewa na kampuni ya United Artists mwaka uliofuata. Duke alikuwa na miaka 63, Mingus 40, Roach 38. Kila ninakosoma naambiwa hii ni moja ya kazi kubwa kabisa za watu watatu kwa piano, besi na dramu.

Halafu nikakutana na maneno ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Mwaka 1964 mwandishi Leonard Feather alimwekea "Caravan" ya albamu hii bila kumwambia ni ya nani. Ni ule mchezo wa jarida la Down Beat: mwanamuziki anasikilizishwa santuri, anakisia nani anapiga, kisha anatoa nyota. Miles hakutoa hata moja. Alisema Mingus ni moto, Max ni moto, lakini Duke hawezi kupiga nao, na wao hawawezi kupiga na Duke. Akaongeza kwamba kampuni iliyofanya hivyo inastahili kuandamiwa kwa mabango.

Mimi nipo na Miles. Sikilizeni wimbo wa kwanza, ule unaobeba jina la albamu. Mingus anaanza kwa kukwangua uzi mahali pamoja, kama mtu anayegonga mlango saa nane za usiku. Duke anaingia na mikono yote miwili, mizito, kana kwamba hajasikia hodi. Roach ana safari yake. Dakika tano na nusu, na hakuna anayemfungulia mwenzake.

Swali langu: tunaisifu kwa sababu ni nzuri, au kwa sababu ya majina matatu kwenye jalada? Na ilikuwaje wahakiki wakageuka hivi, hadi leo ukiiponda unaonekana mshamba? Wajuvi mje.

#2 Jirani Mwema
Nimekaa mkao wa kula. Ila mniwie radhi, jazz ninayoijua mimi ni Nuta Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz. Hao wengine mtanifundisha.

#3 Dokta Santuri
Mleta uzi umeanza hadithi katikati. Huwezi kuielewa siku ile ya 1962 bila kurudi 1953.

Mwaka huo Mingus aliajiriwa kwenye bendi kubwa ya Duke, na hakudumu. Akakorofishana na mpiga tromboni Juan Tizol, mtu wa Puerto Rico, hadi zikatajwa silaha: Tizol na kisu, Mingus na shoka la zimamoto. Mingus mwenyewe ameisimulia kwenye kitabu chake cha 1971, na anavyoisimulia utadhani ni kichekesho cha jukwaani. Duke, ambaye alisifika kwa kutofukuza watu (mtu akimchosha alimwacha tu mpaka aondoke mwenyewe), huyu alimfukuza. Kwa maneno ya adabu kabisa, lakini alimfukuza.

Sasa angalia: "Caravan" ni wimbo wa nani? Wa Tizol huyo huyo pamoja na Duke, wa mwaka 1936. Miaka 9 baada ya shoka, Mingus anakalishwa studio na bosi aliyemtimua, anaambiwa apige wimbo wa adui yake. Halafu mnauliza kwa nini anakwangua nyuzi!

Kwangu mimi hiyo ndiyo siri yote. Hii ni albamu pekee ya Duke ya watu watatu, na aliifanya na mtu mwenye kinyongo naye.

#4 Mama Zuwena
Dokta, hapo mwisho umeteleza. Si albamu pekee. Mwaka 1953, ndiyo, mwaka ule ule wa shoka lako, Duke alirekodi kwa kampuni ya Capitol akiwa na besi na dramu tu. Na mwaka 1961 akafanya Piano in the Foreground na Aaron Bell na Sam Woodyard, watu wa bendi yake mwenyewe. Zote mbili tulivu, mtu unaweza kuzisikiliza ukikuna nazi.

Na hizo ndizo zinazoniambia kitu. Duke alijua vizuri kupiga na watu wawili. Huko nyuma alikuwa na waajiriwa wake, wanamfuata anakokwenda. Siku ya Money Jungle hakuwa na mwajiriwa hata mmoja chumbani.

#5 Dokta Santuri
Mama Zuwena nimekubali, nafuta neno "pekee". Shoka nabaki nalo.

#6 Chuma cha Moshi
Nami niongeze kuhusu Miles, maana naona anatumika kama hati ya mahakama. Siku ile ile, kwenye kikao kile kile na Feather, aliwaponda wanamuziki Eric Dolphy na Cecil Taylor, tena kwa maneno ambayo hapa yangefutwa na wasimamizi. Alichokipenda ni Stan Getz na João Gilberto. Kwa hiyo tuseme tu alikuwa na siku mbaya.

Pia msidhani alimdharau Duke. Duke alipofariki Mei 1974, Miles alirekodi kitu cha maombolezo kinachozidi nusu saa kwa ajili yake. Ukisoma vizuri maneno yake ya 1964, hasira zilikuwa kwa kampuni, kwamba imewakusanya watu kama mtu anayepika pilau kwa kutupia kila kiungo kilichopo kabatini.

#7 Kinanda Kibovu
Chuma, siku mbaya haimfanyi mtu kuwa kiziwi. Anaweza kuwa na hasira na bado akawa amesikia sawasawa.

#8 Besi la Magomeni
Habari zenu. Mimi ni mpiga besi, miaka 22 sasa, mingi yake nikiwa kwenye bendi za hoteli. Nimesoma hapa "kinyongo", "shoka", "adui". Niwaambie ninachosikia mimi kwa vidole.

Kwenye huo wimbo wa kwanza Mingus anafanya kitu kigumu sana. Anauvuta uzi kwa pembeni mpaka sauti inapinda, anaupeleka juu kabisa ya shingo ya besi, anarudi. Ni bluzi, umbo lake analijua Duke, analijua Roach, wote watatu wanajua wako wapi kila sekunde. Mtu aliyekasirika kweli anapoteza hesabu. Mingus hapotezi. Anamchokoza mzee makusudi, na mzee anajibu: sikiliza mkono wa kushoto wa Duke, kila Mingus akizidi, unazidi kuwa mzito. Hayo ni mazungumzo. Ni mazungumzo ya watu wanaopiga kelele, sawa, lakini hamjawahi kukaa kwenye kijiwe cha kahawa watu wakibishana mpira?

Nina mfano wangu. Kuna mwaka bendi yetu ilimchukua mpiga gitaa mmoja mzee, amepita kwenye bendi kubwa za zamani, kidole chake ni asali. Sisi wengine vijana. Usiku wa kwanza nikaanza kumwekea besi za kisasa, najaza kila nafasi, nataka aone kwamba najua. Akanigeukia katikati ya wimbo, hakusema kitu, akapunguza mapigo yake hadi kubaki noti moja moja. Ukumbi wote ukamsikia yeye na mimi nikabaki natapatapa. Waliokuwepo walituambia baadaye, "leo mmegombana jukwaani." Hatukugombana. Nilifundishwa, na nilijibu kadiri nilivyoweza, na ile show watu waliipenda kuliko zote za mwezi ule. Meneja wa ukumbi yeye alitukata malipo kwa sababu wateja wa meza za mbele walishindwa kuongea. Hayo tuyaache.

#9 mtoto_wa_2001
Samahani naomba kuuliza swali la kitoto. Hilo besi la kusimama lina nyuzi ngapi? Na kwa nini kwenye nyimbo nyingine silisikii kabisa ila humu limekaa sikioni?

#10 Besi la Magomeni
Nne, mdogo wangu. Hilo swali la pili si la kitoto, ni la watu wazima.

#11 Fundi Redio
Swali la mtoto_wa_2001 ndilo jibu la uzi huu, na nashangaa limepitwa. Nimetengeneza amplifaya na spika tangu 1989, naomba mnisikilize.

Santuri nyingi za jazz za miaka ya 50 na mwanzoni mwa 60, besi liko nyuma kama mtu anayeongea chumba cha pili. Humu Mingus yuko mbele, unasikia ngozi ya kidole ikigusa uzi, unasikia mbao. Piano nayo ni ngumu, haina ile hewa ya ukumbi. Vitu vitatu vimebanwa mbele ya uso wako kwa ukubwa unaolingana. Sasa ubongo wako, uliozoea piano kuwa bwana na besi kuwa mtumwa, unasikia vita. Sogeza besi nyuma hatua tatu na mtasema, "aa, Duke na vijana wake."

Na Mingus hakuwa mtu wa kukubali kufichwa. Ile tamasha ya Massey Hall, Toronto, Mei 1953, yeye na Roach, pamoja na mpiga saksafoni Charlie Parker, mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie na mpiga piano Bud Powell: kanda ziliporudi besi halisikiki. Mingus alifanyaje? Kampuni ya Debut ilikuwa yake na Roach, akaingia studio akalipiga upya besi lake juu ya kanda. Huyo ndiye mnayetaka akae chumba cha pili?

#12 Dokta Santuri
Fundi, hoja nzuri, ila inaeleza kwa nini tunamsikia, haielezi anachosema.

Na umenikumbusha kitu: Mingus na Roach walikuwa washirika wa biashara tangu 1952. Mwaka 1960 wakawa pamoja tena kwenye lile tamasha la kupinga tamasha kubwa la Newport. Duke ndiye mgeni humu, si wao.

#13 Mama Zuwena
Dokta tena? Roach hakuwa mgeni kwa Duke. Alipokuwa kijana mdogo kabisa alishawahi kuitwa kushika nafasi ya Sonny Greer, mpiga dramu wa Duke. Na Mingus alimwabudu Duke tangu utotoni, hilo halijawahi kuwa siri, muziki wake wote umejaa harufu ya Duke. Mgeni hapo hayupo. Ni baba na wanawe wawili, mmoja wao aliwahi kufukuzwa nyumbani.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa, nalo ni alichosema Roach mwenyewe miaka ya baadaye. Alisimulia kwamba Duke aliwaambia wamchukulie kama Bud Powell wa maskini. Fikirini! Duke Ellington, na mahoteli yote aliyolala, anajishusha kwa vijana kwa kujifananisha na mpiga piano wa rika lao. Kisha hakuwapa nota zilizojaa. Kila wimbo karatasi moja, sauti ya wimbo na mwongozo kidogo, halafu anawapa picha ya kichwani.

Kwa wimbo unaobeba jina la albamu picha ilikuwa hii: barabarani wanatambaa nyoka, vichwa vimeinuliwa juu. Hao nyoka ni mawakala na wengine wanaowanyonya wasanii. Pigeni hivyo.

Sasa Kinanda Kibovu unalalamika kwamba hakuna anayemfungulia mwenzake mlango. Mwanangu, nje kuna nyoka!

#14 Kinanda Kibovu
Mama Zuwena umenimaliza. Ila naomba nisikubali haraka. Kama unahitaji hadithi ya nyoka ili wimbo ukuingie, basi wimbo peke yake haujatosha.

#15 Nyota ya Mvita
Asalaam aleikum. Mie napita tu, ila hili la ndugu Kinanda silikubali. Twarabu hatuhitaji hadithi? Ukitoa jina la aliyeimbiwa na sababu ya kuimbiwa, nusu ya nyimbo zetu zabaki maji matupu. Kila muziki una mambo yake yajulikanayo na wenyewe.

#16 Mwana wa Lualaba
Jambo yenu wote. Niko Lubumbashi. Nashangaa mnabishana wimbo wa kwanza tu, na wa pili mnauruka. Huo wa pili ndio nausikiliza kila asubuhi, "Fleurette Africaine". (Kuna matoleo yanaandika "Le Fleurs Africaines", na sisi tuliosoma kwa Kifaransa macho yanauma: "le" na "fleurs" havikai nyumba moja.)

Kwa huo pia Duke alitoa picha: ua lililomea katikati ya msitu, mkono wa mtu haujawahi kuligusa. Msikilize Mingus huyo huyo mnayemwita mgomvi. Besi linatetemeka chini kama bawa la mdudu, hafiki mbele ya piano hata mara moja. Roach kama hayupo, unamjua yupo kwa sababu kimya kina mwendo. Dakika tatu na nusu hivi. Siku moja, studio moja, watu wale wale. Mwenye nadharia ya shoka anielezee ua.

#17 Dokta Santuri
Mwana wa Lualaba, mtu anaweza kuomba radhi pia kwa besi.

#18 Chuma cha Moshi
Hahaha, Dokta ana jibu la kila kitu.

Na jambo moja kuhusu hilo ua: 1962 Duke alikuwa hajawahi kukanyaga Afrika hii yetu. Alifika Dakar 1966 kwenye tamasha la sanaa za watu weusi, akasema amekuwa akiandika muziki wa Kiafrika miaka 35 na sasa ndiyo kwanza amefika. Kwa hiyo hilo ua aliliotesha New York.

#19 mtoto_wa_2001
Nimesoma mahali kwamba Mingus alitoka studio katikati akaacha kurekodi. Ni kweli au chumvi?

#20 Dokta Santuri
Ni kweli, na ndiyo pigo langu la mwisho kwa Besi la Magomeni. Duke ameliandika kwenye kumbukumbu zake za 1973. Mingus alifunga besi lake akatoka. Duke akamfuata hadi kwenye lifti. Hakumbembeleza kwa muziki, alimsifia tangazo: kwamba United Artists wamemlipia ukurasa mzima kwenye toleo la Krismasi la jarida la Billboard, na kwamba yeye Duke angekuwa bado yuko kampuni ya Columbia kama wangewahi kumtolea pesa za namna hiyo. Mingus akabeba besi lake kimya kimya, akarudi ndani. Kwa hiyo ugomvi ulikuwepo.

#21 Besi la Magomeni
Dokta, umesoma mwenyewe ulichoandika? Jamaa amebembelezwa kwa ukurasa wa tangazo, kwenye albamu inayoitwa Money Jungle. Na wewe unaona ugomvi tu!

Halafu alirudi. Mpiga besi anayerudi ndani amesamehe. Nimewahi kutoka jukwaani mara mbili maishani, na sikurudi hata mara moja, kwa hiyo najua tofauti.

#22 Mama Zuwena
Mimi hiyo hadithi ya lifti naipokea kwa mikono miwili ila naiweka rafu ya juu. Duke alikuwa msimuliaji. Kitabu kile kizima hakuna mtu mbaya, kila mtu anapakwa mafuta. Na wengine waliosimulia siku ile, kila mmoja ana lake: nani alimkera Mingus, na walifika wapi kabla hajageuzwa. Mkosi wa albamu hii ni kwamba hadithi ya lifti imeizidi umaarufu. Mhakiki anaisikia kwanza, ndipo anaweka santuri, na kila mkwaruzo wa uzi anasema, "eee, hapo ndipo alipokasirika." Lakini nani anajua wimbo gani ulirekodiwa kabla ya lifti na upi baada yake?

#23 Fundi Redio
Na prodyuza je? Alan Douglas ndiye aliyewaweka pamoja. Huyu huyu ndiye aliyekuja kuzishika kanda za Jimi Hendrix baada ya kifo chake, na mwaka 1975 akatoa albamu ambamo wanamuziki wa kukodi walipiga juu ya kanda za marehemu. Wapenzi wa Hendrix hawajamsamehe mpaka leo. Simhukumu kwa hii ya 1962, ila ni mtu aliyejua kwamba mgongano unauza. Pengine Miles aliinusa mapema.

#24 Chuma cha Moshi
Fundi hapo umemwonea. Mwaka 1962 Duke alikuwa anakutanishwa na watu kila kona. Agosti alirekodi na mpiga saksafoni Coleman Hawkins, tarehe 26 Septemba na mpiga saksafoni mwingine, John Coltrane, siku tisa tu baada ya hii. Zote hizo ni za kampuni ya Impulse, Douglas hayupo. Na ile ya Coltrane nayo ina mzee na kijana, lakini hakuna anayesema walipigana. Kwa nini? Kwa sababu Coltrane alikuwa mpole na Mingus hakuwa. Tunasikia tabia za watu, hatusikii muziki.

#25 Jirani Mwema
Nimesikiliza sasa, nimeipata mtandaoni. Wimbo wa kwanza umenitoa jasho. Ila ule wa "Solitude", jamani, yule mzee anapiga peke yake muda mrefu mpaka nikadhani wenzake wameenda kula. Wanaingia mwishoni mwishoni, taratibu, kama watu waliochelewa msibani.

Nami nina swali: kwa nini bendi zetu zilijiita jazz na hazipigi hivi?

#26 Mama Zuwena
Jirani, neno lilikuja na santuri na askari na mabaharia, likamaanisha tu "bendi ya kisasa yenye magitaa na tarumbeta". Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz, kule Kongo OK Jazz ya kina Franco. Waliyokuwa wakipiga yalikuwa na Kuba ndani yake kuliko New York. Lilikuwa jina la heshima, kama duka la kijijini linavyojiita supamaketi.

#27 Mwana wa Lualaba
Mama Zuwena, OK Jazz usiiweke na duka la kijijini, nitatoka kwenye uzi kama Mingus.

#28 Mama Zuwena
Nakufuata hadi kwenye lifti, ndugu yangu. Ulipewa ukurasa mzima.

#29 Chuma cha Moshi
Tukiwa tumeshapotea njia, niwape zawadi. Huyo Max Roach, miaka miwili kabla ya Money Jungle, Novemba 1960, alikuwa studio New York kwenye albamu ya mpiga piano Randy Weston inayoitwa Uhuru Afrika. Ndiyo, kwa Kiswahili. Sehemu ya kwanza inaitwa "Uhuru Kwanza" na ya mwisho "Kucheza Blues". Mipango ya muziki ni ya Melba Liston. Inafunguliwa na shairi la uhuru la Langston Hughes, likasomwa kwa Kiswahili pia na Mtanganyika: Tuntemeke Sanga. Yule yule aliyekuja kuwa mbunge wa Makete. Makaburu waliipiga marufuku Afrika Kusini mwaka 1964.

Hivyo Roach alikaa na maneno yetu masikioni kabla hajakaa na nyoka wa Duke.

#30 Dokta Santuri
Acha! Tuntemeke wa Bungeni?! Nimemsikia mzee akiongea redioni nikiwa mdogo na sikuwahi kujua kwamba sauti yake ipo kwenye santuri moja na Max Roach. Chuma, umeiba uzi.

#31 Kinanda Kibovu
Naomba kuurudisha uzi kabla haujaenda Makete moja kwa moja.

Bado sijajibiwa kwa nini wahakiki wa baadaye waligeuka. Shoka lilikuwepo 1953, nyoka walikuwepo 1962, besi lilikuwa mbele siku zote. Kilichobadilika ni nini?

#32 Fundi Redio
Kilichobadilika ni santuri yenyewe! Ya 1963 ilikuwa na nyimbo saba: nne mpya na tatu za zamani, "Solitude" ya 1934, "Caravan" ya 1936 na "Warm Valley" ya 1940. Kampuni ya Blue Note walipoitoa kwenye CD mwaka 1987 waliongeza zilizokuwa kabatini, "Switch Blade", "REM Blues", "A Little Max", "Backward Country Boy Blues", na wakabadilisha mpangilio. Mimi ninayo hiyo. Haianzi na Mingus kugonga mlango, inaanza na "Very Special", bluzi ya kutembea nayo mjini mikono mfukoni. Ugonjwa wote wa Kinanda Kibovu unakuja baadaye sana, ukiwa umeshazoea sauti zao. Toleo la 2002 ndilo lililorudisha mpangilio wa zamani mbele.

Maana yake mhakiki wa 1987 na Miles wa 1964 hawakusikia kitu kimoja.

#33 Besi la Magomeni
Au masikio ndiyo yaliyobadilika. Baada ya 1962 walikuja watu wakapiga vitu vikali mara kumi ya hivi. Ukishasikia hayo, Money Jungle inakuwa muziki wa chai. Sisi wenyewe, ile bendi ya zamani iliyoonekana ya kihuni kwa wazee, leo inapigwa kwenye harusi za wajukuu.

#34 Nyota ya Mvita
Au heshima. Duke alipokufa, nani tena angethubutu kusema alishindwa? Wafu hawakosolewi, waombewa.

#35 Chuma cha Moshi
Nyota, Mingus naye alifariki 1979 na hajaacha kukosolewa.

Ila kuna ushahidi mwingine wa hadhi yake: mwaka 2013 mpiga dramu Terri Lyne Carrington aliirekodi upya karibu yote na Gerald Clayton kwenye piano na Christian McBride kwenye besi, akachanganya na sauti za watu wakizungumzia pesa na siasa. Mwaka uliofuata akapata Grammy ya albamu bora ya jazz ya ala, mwanamke wa kwanza kuipata. Huwezi kurudia ugomvi wa watu wengine baada ya miaka 50. Unarudia muziki.

#36 Dokta Santuri
Huwezi kurudia ugomvi? Wewe hujaoa, Chuma.

#37 mtoto_wa_2001
Nimejifunza mengi, asanteni. Mimi ninayeanza, nianze na mpangilio upi? Wa mlango au wa mikono mfukoni?

#38 Besi la Magomeni
Anza na ua. Halafu mlango.

#39 Fundi Redio
Mikono mfukoni. Na spika nzuri, si simu.

#40 Kinanda Kibovu
Wakuu, jana usiku nilifanya alivyosema Fundi. Nikazipanga nyimbo kama za 1987, "Very Special" mbele, nikazima taa, nikatulia. Nilipofika ule wimbo wa mlango, kweli haukunishtua kama mwanzo. Pale katikati nilisikia kitu sikukisikia wiki tatu zote: Mingus anarudia noti ile ile, na Duke anaacha nafasi, kisha anaijibu kwa noti hiyo hiyo kwa juu. Au nilidhani nimesikia. Nimerudia mara nne na mara mbili sikuisikia.

Mke wangu akaja mlangoni akauliza kwa nini jirani anapigilia misumari saa tano usiku.

#41 Jirani Mwema
Huyo jirani anaishi mtaa gani? Maana na mimi jana wangu aliuliza hivyo hivyo.